Mtaala wa madrasa: kinachobadilika na kisichoguswa

“Kwani hata Qur'ani nayo inabadilishiwa mtaala?” Swali hili nimelisikia barazani baada ya Isha na nimelisoma kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Juzi kaniuliza mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe chuoni. Simlaumu. Kenya imepita miaka kadhaa ya mabishano kuhusu mtaala wa umilisi, na Tanzania Bara ilianza kutumia mtaala mpya shuleni Januari 2024. Neno lenyewe limeshazoeleka kuja pamoja na malalamiko ya vitabu, gharama na walimu wasioandaliwa. Kwa hiyo masheikh na kamati za misikiti wakikaa kuzungumzia mtaala wa madrasa, mzazi huku nje anaipata habari nusunusu, na nusu aliyoikosa anaijaza kwa hofu.

Nataka tulifungue fundo hili taratibu, kwa sababu jambo lenyewe si gumu kama linavyosikika, na watoto wetu wanasubiri.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Madrasa ninayoisemea hapa ni ile ya mtaani: chuo, kama wanavyosema wazee wa Pwani na Visiwani, au duksi kwa ndugu zetu wa Kisomali wa Garissa, Wajir na Eastleigh. Sisemei seminari, ambayo ni shule ya sekondari iliyosajiliwa na inayofanya mitihani ya taifa. Wala sisemei somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu linalofundishwa shuleni. Chuo cha mtaani huanzishwa na watu wenyewe: imamu kwenye ubavu wa msikiti, bibi mmoja barazani kwake, familia iliyotoa chumba kwa nia ya sadaka. Mwalimu haletwi na ofisi na halipwi na ofisi. Zipo taasisi za juu, kama BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) iliyoundwa mwaka 1968, Ofisi ya Mufti Zanzibar, au SUPKEM (Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya) iliyoanza 1973, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inazitaja duksi na madrasa kwa majina. Lakini ukiingia chuoni Jumatatu saa kumi jioni, anayeamua mtoto asome nini ni maalimu aliyekaa mbele yako.

Sasa neno mtaala. Wengi wanalichanganya na kitabu, wengine na ratiba. Utazame mkeka ambao watoto wenyewe wanaukalia. Tita la ukindu si mkeka. Ukindu huchanwa, ukasukwa ukili, kisha kili zikaunganishwa kwa sindano mpaka mkeka ukatimia, na msukaji tangu mwanzo anajua kama anatengeneza msala wa mtu mmoja au jamvi la msikiti mzima. Masomo ni ukindu: Qur'ani, tauhidi (imani ya Mungu mmoja), fiqhi (hukumu za ibada na maisha), sira (maisha ya Mtume), akhlaki (tabia njema), lugha ya Kiarabu. Ukili ni muhtasari wa kila somo, yaani mada zake kwa mfuatano. Mtaala ni mkeka wenyewe: upana wake, jinsi kili zinavyoshikana, na jamvi linakusudiwa likaliwe na nani. Kitabu ni chombo kimoja tu katika kazi hiyo, na ratiba inasema siku gani unasuka.

Ukiliona hivyo, unaelewa kwamba vyuo vyetu vingi havina upungufu wa ukindu. Qur'ani ipo, vitabu vipo, walimu wanaojua wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni mshono. Kwa hiyo jibu la yule mama ni hapana, Qur'ani haiguswi. Aya ni zilezile, nguzo za Swala ni zilezile. Linalopangwa upya ni jinsi mtoto anavyofikishwa kwenye elimu hiyo: aanze na nini, afuatishe nini, kwa umri gani, kwa lugha gani, na mwalimu ajuaje kwamba ameelewa.

Mfuatano si jambo dogo katika dini yetu. Muulize mtoto yeyote aliyepita chuo cha madhehebu ya Kishafii faradhi za udhu, atakuhesabia sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwikoni, kupaka maji kichwani, kuosha miguu. Ya sita ni tartibu, kufuatisha kama ilivyopangwa. Viungo vyote umevigusa, maji ni safi, lakini ukitanguliza miguu kabla ya uso udhu haujasihi. Hata Qur'ani haikushuka siku moja. Ilishuka kwa takriban miaka 23, na pombe haikuharamishwa kwa aya moja tu. Kwanza watu waliambiwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, wakakatazwa kuikaribia Swala wakiwa wamelewa, ndipo likaja katazo kamili. Anayesema kupanga elimu kwa hatua ni uzushi wa kisasa hajaangalia alivyofundishwa yeye mwenyewe.

Wala mjadala huu haukuanza na makundi yetu ya WhatsApp. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, katika utangulizi wa historia yake alioumaliza 1377 aliandika namna watoto wa Kiislamu walivyofundishwa katika nchi mbalimbali za wakati wake. Watu wa Maghrib (magharibi ya Afrika Kaskazini), anasema, walimfundisha mtoto Qur'ani peke yake mpaka aimalize. Watu wa Andalusia (Hispania ya Waislamu) walichanganya Qur'ani na mashairi, Kiarabu na hati nzuri. Watu wa Ifriqiya (Tunisia ya leo na jirani zake) waliiweka pamoja na Hadithi. Kisha akamnukuu Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi, aliyependekeza mtoto aanzie lugha na mashairi, aende kwenye hesabu, ndipo aingie kwenye Qur'ani akiwa anaelewa anachokisoma. Ibn Khaldun akaisifu njia hiyo, lakini akakiri kwamba mazoea ya watu hayaipokei, kwa kuwa wazazi wanataka mtoto aipate Qur'ani mapema, akiwa bado mikononi mwao. Zaidi ya miaka 600 imepita na sisi tungali kwenye swali lilelile.

Pwani yetu nayo ina historia yake. Habib Saleh, mwasisi wa Riyadha, msikiti na chuo cha Lamu, alifungua darsa kwa watu ambao mabwana wa mji hawakuwaona wanastahili elimu ya juu ya dini. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa magazeti ya Kiswahili mapema miaka ya 1930 akiwahimiza Waislamu wasome dini kwa kuielewa, wasomeshe mabinti zao na wasiikimbie elimu ya dunia. Hakuishia kuhimiza, alitunga na vitabu vya dini kwa Kiswahili. Kwa hiyo anayekwambia marekebisho ya madrasa ni agizo kutoka nje, mkumbushe masheikh hawa.

Twende sasa kwenye hesabu ndogo ambayo kila kamati ingeifanya kabla ya kununua kitabu kimoja kipya.

Chukua chuo cha kawaida cha jioni: watoto 60, maalimu mmoja, saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Saa mbili ni dakika 120. Kila mtoto akija mbele kusikilizwa peke yake, anapata dakika mbili. Katika dakika hizo afungue msahafu, atulize pumzi, asome, asahihishwe, aambiwe kesho aanzie wapi. Muda uliobaki, dakika 118, amekaa. Anapiga kelele kwa pamoja na wenzake, anachezea uzi wa jamvi, anachokozana na wa pembeni, halafu anachapwa kwa kuchokozana. Nimekaa kwenye mikeka hiyo utotoni na ninakumbuka vizuri jinsi nilivyojifunza kutikisa mdomo bila kusoma. Mwalimu wetu hakuwa mvivu. Alikuwa anamaliza sauti kila siku. Tatizo lilikuwa kwenye kugawanya.

Dawa yake mojawapo ni ya kizamani kabisa: khalifa, mwanafunzi mkubwa anayewasimamia wadogo. Vyuo vingi bado vina makhalifa, ila wamegeuzwa kuwa askari wa kuandika majina ya wapiga kelele. Wape kazi yao ya asili. Makhalifa watano na maalimu wanafanya mafungu sita ya watoto kumi kumi. Saa moja iwe ya kusikilizana kwenye mafungu: kila mtoto anapata dakika sita badala ya mbili. Saa ya pili inabaki kwa somo la pamoja, na maalimu anabadilishana fungu na khalifa mmoja kila siku kuhakikisha makhalifa wenyewe hawakosei. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna jengo lililoongezwa. Huo tayari ni uboreshaji wa mtaala, kwa sababu mtaala ni pamoja na jinsi muda unavyotumika.

Hapo tunafika kwenye dhana iliyoenea kuliko zote: kwamba kuboresha madrasa maana yake ni kuongeza masomo ya shule. Hesabu, Kiingereza, kompyuta. Inasikika vizuri kwenye hafla ya kuchangia, lakini saa kumi za wiki hazinenepi. Ukiingiza saa tatu za Kiingereza, kuna saa tatu za kitu kingine zimetoka.

Indonesia ni mfano mzuri wa kuuangalia kwa makini. Mwaka 1975 mawaziri watatu walikubaliana kwamba madrasa za kutwa zifundishe masomo ya kawaida kwa kiwango cha asilimia 70, na cheti chake kihesabiwe sawa na cha shule. Faida ilikuwa kubwa. Milango ya vyuo vikuu ilifunguka kwa wanafunzi wa madrasa. Lakini dini ilibanwa kwenye asilimia 30 iliyobaki, na nchi hiyo bado ina vyuo vya jioni vya dini peke yake, kwa watoto wanaosoma shule asubuhi. Angalia kinachofanana na kisichofanana. Madrasa zao za kutwa zilikuwa shule kamili za siku nzima. Chuo chetu cha jioni kinafanana zaidi na vile vyuo vyao vya jioni. Mtoto wetu hesabu amezipata asubuhi. Anachokuja kutafuta jioni hakipatikani kwingine.

Hata hivyo, kuna mahali kuchanganya kulizaa matunda hapa hapa nyumbani. Mwaka 1986 ulianza Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, ukaenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Ulilenga watoto wadogo ambao hawajaanza shule, kwa hiyo haukugombania saa za mtu. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, waliofundishwa kazi. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, makopo na vitu vingine vya mazingira. Mwenye shule alikuwa ni jamii kupitia kamati yake. Fundisho ninalolichukua hapo ni kwamba watu wale walijiuliza kwanza mtoto wa umri huu anahitaji nini, ndipo wakapanga.

Nikae kidogo kwenye jambo ambalo naliona ndilo moyo wa suala zima: kuunganisha masomo ya dini yenyewe kwa yenyewe. Mtoto wa chuoni anahifadhi Suratul-Maun akiwa na miaka saba au minane. Aya saba fupi, zinasomeka vizuri, anazisalia kila siku. Jumatano anafundishwa fiqhi ya Swala. Alhamisi akhlaki. Siku nyingine anaambiwa habari za mayatima katika sira. Vyote vinatembea kama magari yasiyojuana barabarani. Ilhali sura ile imebeba vyote: inamtaja anayemsukuma yatima, asiyehimiza kulishwa maskini, wanaosali huku wameghafilika na Swala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia al-maun. Na hiyo al-maun baadhi ya wafasiri wa mwanzo waliieleza kuwa ni vyombo vidogo ambavyo majirani huazimana, kama ndoo, shoka na chungu.

Fikiria wiki mbili zilizopangwa kuizunguka sura hiyo. Watoto wanahifadhi kwa tajwidi, yaani kanuni za usomaji wa Qur'ani, kama kawaida. Siku ya pili wanaambiwa maana kwa Kiswahili, aya moja moja. Kwenye fiqhi wanajifunza kughafilika na Swala ni nini: kuichelewesha mpaka wakati utoke, kuidonoa kama kuku. Kwenye sira wanaelezwa kwamba Mtume mwenyewe, rehma na amani zimshukie, alikulia uyatima. Kwenye akhlaki kila mmoja anapewa kazi ya nyumbani: jirani akija kuazima kinu, jembe au chaja ya simu, mtazame nyumbani kwenu mnamjibuje, kesho uje utusimulie. Maneno ya Kiarabu matano anayabeba: yatima, maskini, Swala, dini, maun, na manne kati yake tayari anayasema nyumbani kwa Kiswahili. Hakuna kilichoongezwa kwenye dini. Hakuna hata kitabu kilichonunuliwa. Kili zimeshonwa tu.

Hapa kuna watu wanaoruka upande wa pili wakasema kuhifadhi ni kukariri kama kasuku, kuachwe. Sikubaliani nao hata kidogo. Swala haisihi bila Fatiha, na Fatiha kwa kawaida husomwa kwa kuihifadhi, si kwa kutazama karatasi. Kumbukumbu ya utotoni ni hazina. Mzee wa miaka themanini aliyesahau majina ya wajukuu bado anaisoma Yasini. Kosa ni kuishia kwenye kuhifadhi, na kumpima mtoto kwa juzuu alizomaliza tu. Hafidh mdogo asiyejua kwa nini anasujudu sijdatu sahau, sijda ya aliyesahau kitu katika Swala, amepewa nusu ya haki yake.

Suala la umri linanigusa zaidi kwa mabinti. Vyuo vingi vya Pwani vinasomesha Safina, matini fupi ya fiqhi iliyotungwa na Sheikh Salim bin Sumair, Mhadhrami (mtu wa Hadhramaut, Yemen) aliyefia Batavia, Jakarta ya leo, ndiyo maana inasomwa Lamu na Java vilevile. Kurasa za mwanzo zinataja nguzo za Uislamu, nguzo za imani, kisha alama za baleghe, ndipo zinaingia kwenye istinja (kujisafisha baada ya haja) na udhu. Mpangilio wa mtunzi una mantiki yake: kwanza ujue ni nani anayewajibika. Lakini chuoni mtoto wa miaka minane anaziimba alama za baleghe bila kuelewa hata moja. Akifika miaka kumi na miwili, pale ambapo maneno yale yangemfaa, mara nyingi hayupo tena. Amebaki nyumbani, au tuisheni ya darasa la saba imemchukua, au ameona haya kuendelea kukaa mbele ya mwalimu mwanamume. Hedhi inamkuta hajui hukumu za twahara, hajui Swala gani anailipa na ipi hailipi, na hana wa kumuuliza. Mtaala mzuri unaliona hilo mapema. Unaandika kwamba mabinti wa miaka tisa mpaka kumi na mbili watakuwa na ustadha wao, siku yao na chumba chao, kabla jambo halijawafikia. Chuo ambacho hakina mwalimu wa kike kitafute mmoja hata kwa siku moja ya wiki. Hili ningelitanguliza kuliko kompyuta na kuliko jengo jipya.

Kuhusu bakora nitasema machache. Ibn Khaldun huyohuyo aliandika kwamba ukali unamdhuru mwanafunzi, hasa mtoto mdogo: unamnyong'onyeza, unamvuta kwenye uvivu, na unamfundisha uongo na hila ili aikwepe fimbo. Mtoto akikaa dakika 118 bila kazi lazima atachokoza wenzake. Ukimpa kazi, nusu ya sababu za fimbo zinakwisha zenyewe.

Kuna na mkanganyiko wa usajili. Usajili na mtaala ni vitu viwili. Kusajili ni kujulikana: chuo kiko wapi, nani anakisimamia, watoto wako salama, choo kipo. Mtaala ni kile kinachofundishwa. Chuo kinaweza kusajiliwa na kisiwe na mpangilio wowote wa masomo, na chuo cha barazani kwa bibi kinaweza kuwa na mpangilio mzuri kisiwe na karatasi ya ofisi yoyote. Vilevile, mtaala wa pamoja wa vyuo vya mtaa mmoja haumaanishi kila mwalimu aseme neno lilelile saa ileile. Faida yake mzazi ataiona atakapohama: mtoto akitoka Tandika kwenda Tanga asirudishwe alifu kwa kijiti kwa sababu tu maalimu mpya hajui alipoishia.

Na kupimwa? Wengine wanaogopa mitihani itahamia chuoni. Karatasi si lazima. Mtoto anayejua kutawadha mpe kopo la maji umtazame. Anayejua Swala ya jeneza aipange na wenzake mbele ya mto uliolazwa juu ya mkeka. Lililo la lazima ni daftari: jina, sura aliyofika, kosa analolirudia, jambo la fiqhi aliloliweza kwa vitendo. Mistari minne kwa mwezi kwa kila mtoto. Mwalimu akiugua, anayekuja kumshikia nafasi hakuti giza.

Kwa kamati inayotaka kuanza na haina fedha, kazi ya kwanza ni vikao vitatu. Kikao cha kwanza walimu peke yao, waandike kwa ukweli wanachofundisha sasa, kila mmoja lake, na saa anazotumia. Cha pili waje na wazazi, akina mama hasa, wajibu swali moja: mtoto huyu akiondoka hapa na miaka kumi na tatu, tunataka awe anajua na anafanya nini? Kusoma msahafu bila kushikwa mkono, kusali Swala tano na kujua kuzirekebisha, kujitwaharisha, kujua maana ya sura anazosalia, kuijua sira kwa mtiririko, kuishi na wazazi na majirani kwa adabu. Cha tatu wagawe safari hiyo kwa miaka, wakihesabu Ramadhani, mitihani ya shule na misimu ambayo watoto hupungua. Mtume aliagiza watoto waamrishwe Swala wakifika miaka saba, kwa hiyo mstari mmoja wa mwaka wa kwanza umeshajiandika.

Matokeo yake yatakuwa karatasi moja. Ibandikwe ukutani, pembeni ya saa, mahali ambapo mzazi anayekuja kumchukua mwanawe ataisoma akiwa anamsubiri avae viatu. Yule mama aliyeniuliza kuhusu Qur'ani, angeikuta karatasi hiyo, angejua kwamba mwezi huu mwanawe yuko kwenye Suratul-Maun. Jioni jirani akibisha hodi kuja kuazima ungo, angemwita mtoto ndiye ampelekee.